Gitaa lililogundishwa masika hupasuka kiangazi: tunaeleza kwa nini

Mwezi wa tisa mwaka jana alifika studioni kwetu kijana mmoja, msikilizaji wa siku nyingi kutoka moja ya vijiji vya hapa Iringa, amebeba gitaa ndani ya mfuko wa salfeti. Gitaa lile alikuwa ameliunda mwenyewe kwa miezi minne. Mbao za paini alizinunua Mafinga, na kipande cha mninga alikipata kwa fundi wa vitanda. Vigingi vya kukazia nyuzi na seti ya nyuzi alivinunua mjini baada ya kuuza magunia mawili ya mahindi. Kamati ya harusi moja pale kijijini ilikuwa imeshakubali kwamba yeye ndiye atakayepiga.

Siku tatu kabla ya harusi, usiku, alisikia mlio kama wa kijiti kikavu kinachovunjwa. Asubuhi akakuta ufa kwenye uso wa gitaa, umeanzia kwenye daraja linaloshika nyuzi mpaka ukingoni. Alichofanya kwanza ni kumgeukia mdogo wake, maana wanalala chumba kimoja. Mdogo akakana, kukawa na maneno, na mpaka siku ile anafika kwetu walikuwa hawasemeshani.

Tulimpeleka kwa mzee mmoja wa hapa mjini, fundi samani ambaye kwa miaka mingi amekuwa akitengeneza magitaa ya kwaya yanapoharibika. Tulimwamkia, akalipokea gitaa, akaligonga kwa kidole sehemu mbalimbali, akachungulia ndani. Hakuuliza lilianguka wapi wala nani alilikalia. Aliuliza swali moja tu:

"Mwanangu, uliligundisha mwezi gani?"

"Mwezi wa pili, babu."

"Basi mdogo wako hana kosa."

Mazungumzo hayo tuliyarusha hewani, na ujumbe uliokuja haukuwa mdogo. Kumbe wanaojaribu kuunda magitaa majumbani ni wengi kuliko tulivyodhani, na karibu wote wamekutana na ufa, au daraja lililobanduka, au gitaa linaloimba vizuri nyuzi zikiwa wazi lakini likipotea ukibonyeza juu. Kwa hiyo tumeyaandika haya kwa urefu ambao saa moja ya kipindi haikuruhusu.

Ubao mkavu bado hunywa maji

Tunazoea kusema mbao imekauka kana kwamba jambo hilo likishatokea limekwisha. Sivyo. Ubao uliokauka huendelea kunywa na kutoa unyevu kulingana na hewa inayouzunguka. Hewa ya masika ikiwa na unyevu mwingi, ubao hunywa na kutanuka. Upepo mkavu wa mwezi wa nane na wa tisa ukianza, ubao hutoa unyevu ule na kusinyaa. Mlango wa chumba unaokwama wakati wa mvua na kufunguka wenyewe kiangazi ni ushahidi ambao kila nyumba inao.

Jambo la pili la kujua ni kwamba ubao hautanuki sawasawa pande zote. Kwa urefu, yaani kufuata mistari yake, hubadilika kidogo sana, kiasi cha kutoonekana. Kwa upana hubadilika kweli. Uso wa gitaa una upana wa sentimita 38 hivi pale panapotanuka chini. Ubao mwembamba wa upana huo, ukitoka kwenye hewa ya mvua na kuingia kwenye hewa ya kiangazi, unaweza kusinyaa kwa milimita mbili hivi. Milimita mbili kwenye meza si kitu. Kwenye gitaa ni balaa, kwa sababu nyuma ya uso zimegundishwa mbavu, yaani vijiti vya kuuimarisha, na kubwa kati ya hizo zimelala kuukata upana. Mbavu kwa urefu wake haisinyai. Uso unavuta kwenda ndani, mbavu imeushikilia palepale, na hakuna anayekubali kushindwa. Mwisho uso hupasuka, mara nyingi usiku hewa inapobadilika.

Gitaa la kijana wetu liligundishwa mwezi wa pili, mvua ikinyesha, uso ukiwa umetanuka. Lilikuwa limeshapasuka tangu siku ile, kwa namna ya kusema. Kilichobaki kilikuwa kungoja kiangazi.

Ukigundisha kiangazi, jambo hugeuka. Uso uliogundishwa ukiwa umesinyaa, masika yakija hutanuka na kuvimba kidogo kwenda juu kama tumbo la mtu aliyeshiba. Nyuzi zitanyanyuka kidogo na sauti itabadilika, lakini ubao haupasuki kwa kuvimba. Ndiyo maana mafundi wa magitaa wa nchi nyingine, wenye mashine za kupima hewa, hufunga vyumba vyao na kugundisha unyevu wa hewa ukiwa kati ya asilimia 40 na 50. Sisi wa huku hatuna vyumba vya namna hiyo, lakini tuna kiangazi kinachokuja kila mwaka bila kukodishwa.

Je, utajuaje kama hewa inafaa bila kipimo? Weka chumvi ya mezani kwenye kisahani wazi. Chumvi huanza kulowana hewa inapofikisha unyevu wa asilimia 75 hivi. Ukiona imeshikamana na kung'aa maji, siku hiyo chonga, piga randa, fanya lolote, ila gundi ya uso na mbavu iache. Chumvi ikiwa kavu haina maana kwamba hewa ni bora kabisa, bali inakuambia tu kwamba ile hatari kubwa haipo.

Kupima kwa mizani ya dukani

Kabla ya kuwaza msimu, mbao yenyewe iwe imekauka. Mbao za paini zinazouzwa kwetu mara nyingi zimetoka kiwandani wiki chache tu zilizopita, na ukizishika unahisi ubaridi wake. Mafundi wa zamani walikuwa na kanuni ya mwaka mmoja kwa kila inchi moja ya unene, ikiwa mbao inakauka kwa upepo. Kwa bahati nzuri gitaa halihitaji unene wa inchi. Omba upasuliwe vipande vya milimita tano au sita, vipange kwa kutenganisha na vijiti ili hewa ipite kati yake, weka uzito juu visijikunje, na ncha zake zipake rangi au nta ya mshumaa. Ncha hukauka haraka kuliko katikati, na usipozipaka ndizo zitakazopasuka kwanza. Wengine huweka mbao kwenye dari ya jikoni. Panafaa, ila si juu ya moto moja kwa moja.

Kisha mizani. Chukua ubao mmoja kati ya hizo, upeleke dukani kwenye mizani ya kupimia sukari, uandike uzito na tarehe. Rudi wiki ijayo na ubao uleule. Tuseme umeanza na gramu 900, ukaenda 780, ukaenda 715, kisha 702, kisha 700, na wiki inayofuata 700 tena. Ubao huo umekubaliana na hewa. Ukikaa wiki tatu bila kubadilika, na ni kiangazi, unaweza kuanza kazi. Mwenye duka atakucheka mara ya kwanza na ya pili; ya tatu ataanza kukuuliza maendeleo.

Uso ndio unaoimba

Wengi wanaotuandikia huanza na swali la mbao ya thamani: nitapata wapi mpingo, nitapata wapi mkangazi wa kutosha mgongo mzima? Tunaelewa wanakotoka. Mpingo wa kusini mwa nchi yetu, Lindi na Mtwara, husafirishwa kwenda kutengeneza klarineti na zumari za Ulaya, na kwenye gitaa hufaa sana kwa ubao wa vidole, ule unaobandikwa juu ya shingo. Lakini mpingo hauwezi kuokoa gitaa lenye uso mbaya.

Kuna fundi mmoja wa Hispania aliyeliweka jambo hili wazi zamani. Antonio de Torres wa Almería, aliyeishi kati ya 1817 na 1892, ndiye ambaye umbo na ukubwa wa magitaa yake vinafuatwa na mafundi mpaka leo. Mwaka 1862 aliunda gitaa ambalo mgongo na kuta zake hazikuwa mbao. Zilikuwa karatasi ngumu, kama boksi. Uso peke yake ndio aliufanya kwa ubao mzuri. Alitaka watu waone kwamba sauti inatoka kwenye uso, na hayo mengine ni chombo cha kuushikilia. Gitaa hilo lipo hadi leo kwenye makumbusho ya muziki mjini Barcelona.

Kwa hiyo pesa ulizonazo na subira uliyonayo vipeleke kwenye uso. Ubao wa uso unatakiwa uwe mwepesi na mgumu kwa pamoja. Ulaya na Amerika Kaskazini hutumia sprusi na mierezi. Sprusi ni jamaa wa paini, na paini yetu, ikichaguliwa vizuri, hufanya kazi ya kueleweka. Tunasema ikichaguliwa, kwa sababu paini ya shambani hukua haraka na mistari yake ya umri hutawanyika. Tafuta ubao ambao mistari yake imekaribiana, haina vifundo wala utomvu, na ukiutazama kwenye ncha unaona mistari imesimama wima kama kurasa za kitabu kilichosimamishwa rafuni. Ubao uliopasuliwa namna hiyo husinyaa kidogo kuliko ule ambao mistari yake imelala, na ni mgumu zaidi kupindika.

Kwa kuwa ni vigumu kupata ubao mmoja wa sentimita 38, mafundi huuchana ubao mmoja katikati ya unene wake, wakaufungua kama kitabu, wakaunganisha pande mbili. Kiungo hicho kishikiwe dirishani: mwanga ukipita, randa bado haijamaliza kazi.

Unene tunaozungumzia ni milimita tatu hivi kwa uso wa paini, na unaweza kupungua kidogo kuelekea kingo. Pima kwa rula ya shule kwenye tundu la sauti ukishalikata. Kipimo kingine ni sikio. Ushike ubao kwa vidole viwili karibu na ukingo, uugonge katikati. Ukiwa mnene hujibu kwa sauti fupi iliyokufa, kama kugonga mlango. Ukiendelea kupunguza, sauti hurefuka na kushuka. Sisi wa redio kazi yetu ni masikio, na tulirekodi ubao mmoja kila baada ya kupigwa randa mara chache. Tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba fundi mitambo wetu alidhani tumebadilisha mbao. Ubaya wake ni kwamba ukivuka mpaka hakuna kurudi. Mzee fundi anasema wanaoanza waache unene zaidi kidogo: gitaa lenye sauti ndogo hupigwa, lililobonyea halipigwi.

Kwa mgongo na kuta, mninga unafaa, mkangazi unafaa, hata saipresi ya kwenye ua. Huko Hispania magitaa ya flamenko kwa jadi huwa na mgongo na kuta za saipresi, na wapigaji huitaka kwa wepesi wake. Ukinunua mninga au mpingo, nunua mabaki kwa fundi mwenye risiti. Kukata mti wa porini bila kibali cha maliasili ni kosa, na gitaa halitaonekana kuwa sababu mbele ya afisa.

Mbavu na kiuno

Kuta za gitaa hukunjwa kwa joto. Ubao wa milimita mbili au mbili na nusu hulowekwa kidogo, kisha huegemezwa kwenye bomba la chuma lililopashwa kwa mkaa mpaka tone la maji likiangukia linaruka. Ubao hupindwa polepole huku ukisogezwa. Unasikia unalegea mkononi wenyewe. Ukilazimisha kabla haujalegea utavunjika penye kiuno, pale panapokunjwa zaidi. Vunja vipande viwili vya bure kwanza, ujue mkono wako ulivyo, ndipo ushike cha kweli.

Mbavu za ndani ndizo zinazoamua gitaa litabeba nyuzi gani. Nyuzi za chuma, seti nyepesi ya kawaida, zikikazwa kwa sauti kamili huvuta kwa zaidi ya kilo 70. Ni kama mtu mzima ananing'inia kwenye uso wa milimita tatu, saa zote, mchana na usiku. Nyuzi za nailoni huvuta kilo 40 hivi. Kwa nyuzi zenye mvuto mdogo kama huo unafaa mpango wa Torres, wa mbavu saba nyembamba zilizotawanyika kama upepeo chini ya tundu la sauti. Kwa nyuzi za chuma Wamarekani walifuata mpango mwingine, wa mbavu mbili nene zinazokatana kama alama ya kuzidisha. Kampuni ya C. F. Martin ilikuwa ikiutumia tangu miaka ya 1840. Kijana wetu aliweka mbavu za upepeo kisha akafunga nyuzi za chuma. Hata kama ufa usingetokea, baada ya muda uso ungejikunja mbele ya daraja. Ushauri wetu kwa gitaa la kwanza ni nailoni. Nyuzi tatu nyembamba unaweza hata kuzipata kwa wavuvi: mshipi wa nailoni wa milimita 0.7, 0.8 na 1.0 hukaribia sana ule wa gitaa. Zile tatu nene za kuzungushiwa waya ndizo za kununua. Waya wa breki ya pikipiki tafadhali uwaachie wenye pikipiki.

Kuna siri moja ya mbavu inayorudi kwenye ule ufa. Upande wa mbavu unaogundishwa usiuache umenyooka. Uchonge uwe na mviringo mdogo sana, katikati pawe juu kuliko ncha kwa milimita mbili. Ukigundisha uso juu yake, uso unakuwa na kuba hafifu ambalo jicho halilioni. Kiangazi kikali kikija, uso una nafasi ya kushuka na kunyooka kabla haujafika pa kupasuka. Kama huna vibano vya kutosha, kata mpira wa ndani wa baiskeli vipande virefu na ufunge kwa kuzungusha. Hubana vizuri kuliko kamba. Gundi nyeupe ya mafundi seremala inatosha, ila kumbuka hulegea kwa joto. Gitaa lisilazwe chini ya bati wala kuachwa kwenye basi lililoegeshwa juani.

Hesabu iliyo kwenye simu yako

Hapa ndipo wanaposhindwa wengi wenye mikono mizuri. Freti, yaani vile vichuma vya shingoni, hazipangwi kwa jicho, wala kwa kunakili gitaa la jirani ambalo urefu wake si sawa na wa kwako. Zinapangwa kwa kugawanya.

Chagua urefu wa uzi unaoimba, kutoka kimfupa cha juu ya shingo mpaka kwenye daraja. Tuseme milimita 650, urefu wa magitaa mengi ya nailoni. Fungua kikokotoo cha simu. Gawa 650 kwa 17.817. Unapata 36.5 kwa kukadiria: hapo ndipo freti ya kwanza inapokaa, ukipima kutoka kwenye kimfupa. Toa 36.48 kwenye 650, kinabaki 613.52. Gawa tena kwa 17.817, jumlisha na kile cha mwanzo, unapata 70.9, freti ya pili. Endelea hivyo: ya tatu 103.4, ya nne 134.1, ya tano 163.1. Ukifika ya 12 lazima uangukie 325, nusu kamili ya uzi, kwa sababu nusu ya uzi hutoa sauti ileile ikiwa juu kwa ngazi nzima. Usipofika 325, umekosea njiani. Rudi nyuma kabla hujashika msumeno.

Kwa nini namba hiyo ya ajabu? Ngazi ya sauti imegawanywa hatua 12 zinazolingana kwa uwiano, na 17.817 ndiyo inayotoa uwiano huo. Zamani mafundi waligawa kwa 18. Vincenzo Galilei, mwanamuziki wa Italia na baba wa yule Galileo mtazama nyota, aliieleza kanuni hiyo mwaka 1581. Kwa uzi wa 650 kanuni ya 18 hukuacha milimita mbili na kitu nyuma ya nusu, na sikio la leo hulisikia hilo.

Kila freti ipimwe kutoka kwenye kimfupa, usipime kutoka freti iliyotangulia. Kosa la nusu milimita likirudiwa mara 12 linakuwa milimita sita. Na daraja lisogezwe nyuma kidogo kupita ile 650, milimita moja au mbili kwa nailoni na zaidi kwa chuma, kwa sababu kidole kikibonyeza uzi kinauvuta na kuupandisha sauti. Ile kero ya gitaa linaloimba vizuri chini na kupotea juu, iliyojaa kwenye ujumbe wenu, mara nyingi ni daraja lililobandikwa 650 kamili. Kama huna waya wa freti, mzee fundi hutumia spoki za baiskeli, akizipiga msasa mpaka ziwe na kimo kimoja.

Vanishi kidogo, tena kidogo

Kazi ikiisha watu wengi hufurahi mno na kopo la vanishi. Samani hupakwa ili zing'ae na kustahimili chai iliyomwagika. Uso wa gitaa hupakwa ili jasho na uchafu visiingie, basi. Kila tabaka linaongeza uzito, na uzito kwenye uso ni sauti iliyopotea. Pia msidanganyike kwamba rangi nene inazuia ubao kunywa hewa. Inachelewesha tu, na ndani ya gitaa hakuna anayepaka.

Mzee hutumia shelaki, aina ya utomvu unaotengenezwa na kidudu cha India na Thailand, inayouzwa ikiwa magamba membamba ya rangi ya asali. Huyeyushwa kwa spiriti, huchujwa kwa kitambaa, hupakwa kwa kipira cha pamba kilichofungwa ndani ya kitambaa cha fulana. Matabaka ni mengi lakini kila moja ni jembamba kama pumzi, na ukikosea unayeyusha kwa spiriti ileile na kuanza upya. Kabla ya hapo msasa: 120, 180, 240, 320, kila mara kufuata mistari ya mbao. Spiriti hushika moto haraka na mvuke wake ni sumu, kwa hiyo fanyia nje, mbali na jiko na sigara. Vumbi la mpingo na la mvule huwasha ngozi na kuumiza kifua. Funga kitambaa puani, na watoto wasichezee maranda.

Pale daraja litakapokaa pasipakwe kabisa. Gundi iliyowekwa juu ya vanishi imeshika vanishi, haijashika ubao, na kilo 40 zitaling'oa daraja siku utakayokuwa mbele za watu. Weka karatasi ya kujibandika pale kabla ya kupaka, uibandue baadaye.

Nyuzi zifungwe gundi ikishakaa siku mbili au tatu. Siku ya kwanza zikaze nusu tu, ulale. Siku ya pili panda kidogo. Weka rula juu ya uso mbele ya daraja na nyuma yake uone kama pamebonyea au pamenyanyuka kuliko jana. Programu za bure za simu zitakuonyesha kama uzi umefika sauti yake.

Na kama ufa umeshatokea? Usikimbilie gundi. Mzee alimwagiza kijana achukue kisahani cha sabuni chenye kifuniko, akitoboe, atie sponji yenye maji iliyokamuliwa, akiweke ndani ya gitaa na kufunika tundu la sauti. Baada ya siku tano uso ulikunywa unyevu, ufa ukajifunga wenyewe karibu kabisa. Hapo ndipo akasukumia gundi ndani kwa kidole, akafuta, akabandika kwa ndani vipande vitatu vidogo vya paini, mistari yake ikikata ule ufa. Mstari unaonekana mpaka leo, lakini haujafunguka.

Harusi ile ilipita na muziki wa spika. Kijana alirudi nyumbani, akamwomba radhi mdogo wake, na sasa wanaunda la pili pamoja. Mbao zake zimekaa dari ya jikoni kwa mama yao tangu mwezi wa nne, na mdogo ndiye anayezipeleka kwenye mizani. Ujumbe wao wa mwisho tuliupokea Jumatatu: gramu 640, wiki ya pili haijashuka, chumvi ni kavu, je wapige gundi? Tumewajibu wangoje wiki moja zaidi.